Makapu ya sikukuu kwa ofisi: tathmini ya huduma moja ya Mombasa baada ya Krismasi moja na Idi moja

Kazi ya kununua zawadi za sikukuu katika ofisi yetu ya kliaringi, yaani ya kuwatolea watu mizigo forodhani, iliyo mwendo mfupi kutoka Bandari ya Kilindini, imekuwa yangu kwa miaka sita sasa, kwa sababu tu kwamba mimi ndiye afisa utawala na kila jambo lisilo na mwenyewe huishia mezani pangu. Miaka mitano ya kwanza nilinunua bidhaa kwa jumla, nikazifunga usiku kwenye sakafu ya chumba cha mikutano, na mgongo ukaniuma hadi Mwaka Mpya. Desemba iliyopita nilichoka, nikawapa kazi hiyo watu wanaoifanya kwa biashara: huduma moja ya hapa Mombasa inayoandaa makapu ya zawadi za ofisi, kuanzia kuchagua bidhaa na kuandika kadi hadi kuyafikisha makapu mlangoni. Niliwatumia wakati wa Krismasi, nikawatumia tena wakati wa Idi ya Mfungo Mosi, na sasa nina la kusema. Jina lao silitaji, kwa kuwa kasoro moja niliyokutana nayo iliniudhi kiasi kwamba sina hakika kama bado naweza kuwatendea haki. Hata hivyo, wanaoandaa makapu ya aina hii mjini ni wengi, na maswali niliyojifunza kuyauliza yatamfaa yeyote aliyetumwa na ofisi yake kazi kama yangu.

Utaratibu wao ni mwepisi. Unawaandikia kwa WhatsApp, wanakuletea fomu ya kurasa mbili, unachagua kati ya kapu dogo la shilingi 2,000, la kati la shilingi 3,500 na kubwa la shilingi 6,000, kisha unalipa nusu kwa M-Pesa na nusu iliyobaki siku ya kupokea. Risiti ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, ilinifikia siku ileile niliyolipa, jambo ambalo mhasibu wetu alilishangilia kuliko makapu yenyewe. Tulichagua kapu la kati. Ndani yake mlikuwa na mchele wa Mwea, sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, majani ya chai, kopo la kakao, biskuti, pakiti ya peremende na chupa ya juisi.

Jambo la kwanza lililonifanya niwaheshimu halikuwa bidhaa, bali swali. Nilikuwa nimeandika kwenye fomu kwamba tuko watu 34. Mwanamke anayesimamia oda alinipigia simu kesho yake asubuhi, akanisalimu vizuri, kisha akauliza: "Samahani dada, hao 34 ni wale walio kwenye orodha ya mshahara, au ni wote wanaoingia hapo ofisini kila siku?" Nilinyamaza kidogo nikihesabu kwa vidole. Walinzi wawili wa mchana na wawili wa usiku, wanaolipwa na kampuni yao ya ulinzi wala si na sisi. Wasafishaji wawili, ambao nao ni wa wakala. Na mama anayetuletea chai na mahamri saa nne, ambaye hakuna kampuni yoyote inayomlipa isipokuwa sisi wenyewe mmojammoja kwa kikombe. Jumla ikawa 41. Miaka yote mitano niliyofunga makapu kwa mikono yangu, watu hao 7 walikuwa wakitufungulia lango, wakitubebea makapu hadi kwenye magari na kututakia sikukuu njema, huku wao wakirudi makwao mikono mitupu. Sikuwahi kuwaza kwamba hilo ni jambo la aibu mpaka muuza makapu alipoliuliza kana kwamba anauliza rangi ya utepe.

Simu hiyohiyo ilinisaidia katika mzozo mwingine. Meneja wetu alitaka wakuu wa idara wapewe kapu kubwa na wengine wapewe la kati, na nia yake haikuwa mbaya, maana watu hao hukaa ofisini hadi usiku meli zinaposongamana. Yule mama wa oda hakubisha. Alisema tu kwamba, kwa uzoefu wake, makapu ya ukubwa tofauti yakipangwa kwenye meza moja, watu hawaoni tena zawadi, wanaona ngazi. Kwa hiyo anayetaka kutofautisha na afanye hivyo, lakini kapu kubwa lipelekwe nyumbani kwa mhusika, siku nyingine, bila tangazo. Meneja alipolisikia hilo, alikubali wote wapewe kapu la aina moja, na nyongeza za wakuu wa idara ziingie kwenye marupurupu yao, mahali zinapostahili kuwa. Huu ni ushauri ambao kampuni nyingi hulipia washauri wa rasilimali watu ili kuupata, na sisi tulipewa bure ndani ya oda ya makapu.

Upande wa kodi nitaupita haraka. Sheria za Kenya huhesabu zawadi ya mwajiri kwa mfanyakazi kuwa ni manufaa ya ajira, lakini manufaa yasiyo ya fedha taslimu hayatozwi kodi hadi yafike kiwango fulani kwa mwaka, na kiwango hicho kilipandishwa mwishoni mwa 2024 kutoka shilingi 36,000 hadi 60,000. Kapu la shilingi 3,500 haliko hata karibu na mpaka huo. Anayefikiria kugawa fedha badala ya kapu ajue kwamba fedha taslimu hazimo katika msamaha huo, na mfanyakazi ataziona zimekatwa kwenye hati ya mshahara, jambo linaloharibu ladha ya zawadi yoyote.

Sasa nije kwenye kasoro, nikianza na ndogo.

Makapu yaliahidiwa tarehe 17 Desemba, yakafika tarehe 19 adhuhuri. Siku mbili si kitu katika shughuli nyingine, lakini ofisi za Mombasa huanza kumwaga watu wa bara mapema, na vijana wetu wawili walikuwa wamekwisha kuondoka kwa basi la usiku wa tarehe 18. Zawadi ya sikukuu inayomfuata mtu baada ya sikukuu huwa ni deni lililolipwa kwa kuchelewa. Zaidi ya hayo, kapu lenyewe lilikuwa na uzito wa kilo 9 hivi, na nilimshuhudia karani wetu mmoja akienda Miritini kupanda treni ya Nairobi akiwa na sanduku mkono wa kulia, kapu mkono wa kushoto na mtoto mgongoni. Anayeagizia ofisi ambayo nusu ya watu wake husafiri afikirie vitu vyepesi, kwani mchele na unga hupatikana hata huko wanakokwenda.

Kuhusu vinywaji, fomu yao huja ikiwa tayari imetiwa alama kwenye chupa ya mvinyo kwa kila kapu la Krismasi, na asiyeitaka ndiye anayetakiwa kuifuta. Katika mji ambao ofisi moja huwa na msikiti upande huu na kanisa upande ule, mpangilio huo umekaa kinyume; juisi ndiyo iwe kawaida, na anayetaka mvinyo auombe. Niliufuta, nao wakazingatia, makapu yote 41 yakaja na juisi. Kilichonipita ni zile peremende. Mwenzetu mmoja wa uhasibu, mwanamke mtu mzima asiyepitisha herufi bila kuisoma, alitoa miwani, akaigeuza pakiti, akasoma orodha ya viambato hadi mwisho, akakuta jelatini isiyotajwa imetokana na mnyama gani, wala hapana alama ya halali. Hakulalamika. Aliiweka pakiti kwenye meza ya chai, akasema, "Anayeipenda na aile," akaendelea na kazi. Kufikia saa kumi pakiti zilikuwa 14 mezani pale, zimepangana kama matofali. Hakuna aliyetamka neno, lakini mimi niliyeagiza niliyasoma matofali yale vizuri kabisa.

Kasoro ya vifungashio naiona nzito zaidi, ingawa najua wapo watakaoniambia nakuza mambo. Kila kapu lilifungwa kwa karatasi angavu ya plastiki, likafungwa utepe juu, na kila kilichomo kikaonekana tangu mlangoni. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba zawadi hupokewa kwa mikono miwili au kwa mkono wa kulia, hushukuriwa, kisha huwekwa kando. Haifunguliwi mbele ya aliyeitoa, ili asije akaisoma sura ya mpokeaji, na mpokeaji asilazimike kuigiza furaha. Karatasi ile angavu inaondoa stara hiyo yote. Baadhi ya wenzetu kutoka bara walitucheka, kwa kuwa kwao kufungua hapohapo na kushangilia ndiyo heshima, na kuiweka kando bila kuifungua huonekana kama dharau. Desturi zote mbili zina adabu zake, na ndiyo maana kifuniko kisichoonyesha ndani ni bora: anayetaka kufungua atafungua, na anayetaka kusubiri atasubiri.

Kapu lenyewe, kwa upande mwingine, sina neno nalo ila sifa. Limesukwa kwa ukili, mshono umekaza, na mikono yake imezungushiwa kamba ya katani isiyokata viganja. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mnamo Agosti 2017, kapu la namna hii limekuwa chombo cha kazi, na mpaka leo nikipita Marikiti Jumamosi huwaona wenzangu wa ofisini wamebeba makapu yaleyale yakiwa na mbatata na mabungo. Zawadi ambayo chombo chake kimeishi kuliko vilivyomo ni zawadi iliyofikiriwa.

Kadi zao zimechapishwa vizuri, na majina yote 41 yaliandikwa bila kosa hata moja la herufi, jambo nisilolitarajia. Lakini yaliandikwa majina ya kwanza matupu. Dereva wetu mkubwa, mzee aliyeanza kuendesha malori ya mizigo kabla wengi wetu hatujazaliwa, na ambaye meneja mwenyewe humwita Mzee, alipewa kadi yenye jina lake la kwanza peke yake, kama kadi ya mtoto wa chekechea. Aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Nilimwomba radhi baadaye, akacheka, akasema karatasi haimpunguzii mtu umri. Hata hivyo, nilipoagiza makapu ya Idi niliandika mwenyewe "Mzee", "Bi", "Ustadhi" na "Mwalimu" mbele ya kila jina linalostahili, nao wakafuata.

Sasa ile iliyoniudhi. Fomu yao ina nafasi ya nyongeza, na kwa shilingi 800 unaweza kumwongezea mtu doti ya leso, yaani kanga kama wanavyoiita jirani zetu wa Tanzania. Ofisi yetu ina wanawake 19. Niliona ni wazo zuri, nikaandika: "Leso 19, nzuri, rangi mchanganyiko." Hapo kosa la kwanza ni langu, na nalikiri. Leso si kitambaa tu. Ina pindo, ina mji, yaani sehemu yake ya katikati, na upande wa chini wa mji ina jina, yaani yale maneno yaliyochapwa, na hakuna mwanamke wa pwani anayepokea leso bila kulisoma jina kwanza kabla hata ya kuitazama rangi. Aliyetoa leso amesema. Hata kama hakukusudia kusema, amesema.

Makapu yalipogawiwa, wanawake walizikunjua leso zao kama ilivyo ada, na jina la kila moja likasomwa kwa sauti, huku tukicheka. Ya kwanza ilikuwa "Wema hauozi," ikapigiwa makofi. Ya pili "Mgeni njoo mwenyeji apone," ikaangukia kwa mama wa chai, ikapigiwa vigelegele. Ya tatu ilimfikia keshia. Alisoma nusu, akanyamaza; aliyekaa karibu naye akamalizia: "Hasidi hana sababu." Wasioijua ofisi yetu hawawezi kuelewa ukimya ulioingia chumbani. Wiki mbili kabla ya hapo keshia huyo alikuwa na mvutano na msichana wa mapokezi kuhusu vocha za nauli, na kila mtu aliujua. Kisha msichana wa mapokezi akaikunjua yake, ikawa "Sina siri nina jibu." Kama mtu angekaa mwezi mzima akipanga fitina, asingeweza kuchagua vizuri zaidi. Keshia alinitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyezigawa.

Na hiyo haikuwa mbaya kuliko zote. Mwenzetu mmoja, mke wa mtu, alipata leso yenye jina la mapenzi ambalo sitalirudia hapa, ndani ya kapu lenye kadi iliyotiwa sahihi na meneja, mwanamume. Hakuicheka wala hakuionyesha mtu. Jioni aliniletea mezani ikiwa imekunjwa ndani ya bahasha ya kaki, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada yangu, hii siwezi kuingia nayo nyumbani." Alikuwa na haki kabisa. Mume wake angeiona leso, angelisoma jina, angeiona kadi, na maelezo yoyote ya afisa utawala yangefika yamechelewa. Zawadi ya mkubwa kwa mfanyakazi wa kike inapaswa kuwa kitu anachoweza kukiweka juu ya meza ya chakula mbele ya familia yake yote bila kueleza lolote, na leso iliyochaguliwa kwa rangi tu haiwezi kuwa na uhakika huo.

Nilikwenda dukani kwao kesho yake. Mwenye duka alinisikiliza, akanibadilishia leso zote tatu bila kunitoza, na hilo nalihesabu upande wake. Lakini alipokuwa akizikunja zile za zamani alisema, "Mama, leso ni leso. Wateja wetu wengi hawasomi." Jibu hilo ndilo lililonifanya nipunguze alama, kuliko leso zenyewe. Mtu anaweza kutokujua. Lakini kuuza leso Mombasa kwa dhana kwamba hazisomwi ni sawa na kuuza barua kwa dhana kwamba bahasha ndiyo muhimu.

Kuhusu ubora wa leso hizo, nilichukua moja nikaiosha nyumbani. Wanga uliotoka ulikuwa mwingi, jambo la kawaida kwa leso mpya, lakini rangi nyekundu nayo ilitoka, na kitambaa kilipokauka kilibaki kikiteleza mkononi. Haikuwa pamba tupu. Leso ya pamba ikifuliwa mara mbili tatu hulainika na kunyonya maji, hii iliyasukuma. Kwa shilingi 800 nilitarajia bora.

Baada ya hapo nilikwenda Mtaa wa Biashara, mahali nilipopaswa kuanzia. Ni mtaa ambao biashara ya leso imekaa kwa vizazi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake hujulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887. Nilichokipata pale, katika maduka kadhaa niliyoingia, ni swali ambalo fomu ya wale jamaa haina: "Unampa nani?" Nikisema ni za wafanyakazi wenzangu, muuzaji alikuwa anarudisha rafuni rundo zima bila kuniuliza zaidi, akashusha jingine: "Leo ni siku ya shangwe na furaha," "Wema hauozi," na mengine ya dua na shukrani. Mmoja alinishauri ninunue zote za jina moja, ili asitokee wa kuuliza kwa nini mwenzake kaambiwa hivi na yeye kaambiwa vile. Nilimwambia zitaonekana kama sare za harusi. Akasema sare ni mapenzi pia. Sikuwa na jibu.

Wakati wa Idi, huduma ileile ilinishangaza kwa uzuri, na lazima niseme hivyo kwa haki. Kapu la Idi lilikuwa na mchele wa biriani, tambi, samli, tende, zabibu kavu, iliki na mdalasini vikiwa vizima, na bakuli la halua iliyokuwa bado laini. Hawakutumia plastiki angavu. Walifunika kwa kitambaa cha kaniki kilichoshonwa kwa mkono pembeni, na nadhani malalamiko yangu ya Desemba yalichangia. Jambo la adabu lililonigusa ni saa waliyochagua kuleta. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, na halua inanukia hata ikiwa imefungwa. Walipiga simu wakasema watakuja baada ya alasiri, karibu na muda wa watu kutoka kazini, ili wenye kufunga wasikae na harufu ile mezani mchana kutwa. Pia hawakusubiri tangazo la mwezi, ambalo huwaacha watu wengi wakikimbizana usiku wa mwisho. Walileta siku nne kabla, mwezi uandame wakati wowote utakaoandama.

Palitokea swali ofisini kama wenzetu Wakristo wapewe nao makapu ya Idi. Nililijibu kwa namna nilivyolelewa: Waislamu walikula Krismasi, basi Wakristo watakula Idi, na mkono wa Idi haukuulizi dini. Wote 41 walipata. Siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu, mwenzetu Mkristo wa idara ya nyaraka alimletea yule mama wa uhasibu sahani ya keki aliyoipika mwenyewe, maana naye ameishi pwani muda wa kutosha kujua kwamba sahani hairudi tupu. Mama alivaa miwani, akauliza ina nini ndani, akatajiwa kimoja kimoja, akala vipande viwili.

Vipengele viwili vya huduma yao sivipendekezi. Cha kwanza ni ule utaratibu wa changizo, ambapo wafanyakazi wanaweza kumchangia mkubwa wao kapu kwa kutuma fedha kwenye namba moja, na orodha ya waliotoa, pamoja na kiasi, hujitokeza kwenye kundi la WhatsApp kila dakika. Ofisi moja jirani iliutumia. Kijana wa mafunzo anayelipwa posho ya nauli alitoa shilingi 1,000 kwa sababu aliyemtangulia alitoa 1,000. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini moyo haupewi nafasi pale panapobandikwa hesabu hadharani. Kwa maoni yangu zawadi ya sikukuu ishuke kutoka kwa mkubwa kwenda kwa wadogo; wadogo wakitaka kumshukuru mkubwa, kadi moja yenye sahihi zao wote inatosha, na haimwachi mtu akikopa nauli.

Cha pili ni kizito. Mwishoni mwa fomu pana kipengele cha "kapu la shukrani lisilo na nembo", na nilipouliza ni la nini, kijana aliyepokea simu alicheka kidogo akasema kampuni za bandarini hupenda kuwakumbuka marafiki wa maofisini. Sisi wa kliaringi tunajua marafiki hao ni akina nani. Katiba ya 2010, kifungu cha 76, inasema kwamba zawadi anayopewa ofisa wa dola katika hafla ya umma au ya kikazi ni zawadi ya Jamhuri na ikabidhiwe Serikali, isipokuwa pale sheria ya Bunge inapotoa ruhusa. Sheria ya Hongo ya 2016 nayo inazitaka hata kampuni binafsi kama yetu ziwe na taratibu za kuzuia hongo. Kapu linalofichwa nembo ili asijulikane aliyelituma limejieleza lenyewe. Kwa mashirika na wateja tunaofanya nao kazi sisi hutoa kalenda ya ukutani na shajara, vyote vina jina letu kubwa, na hakuna aliyewahi kuvificha chini ya meza.

Nikitakiwa kutoa alama, Krismasi nawapa 6 kwa 10 na Idi nawapa 9. Oda ya mwaka huu nimekwisha kuiandika: makapu ya kati 43, kwa kuwa tumeongeza walinzi wawili, yafunikwe kaniki, peremende ziondolewe na mahali pake itiwe pakiti ya korosho, kadi ziandikwe kwa vyeo nilivyoorodhesha, na yafike tarehe 12 Desemba, siku tano kabla ya ile ninayoihitaji kweli. Nafasi ya leso nimeipiga mstari. Hizo nitazifuata mwenyewe Mtaa wa Biashara Jumamosi moja ya Novemba, na nimemwomba yule mama wa uhasibu tufuatane, aje na miwani yake.